Karatasi ya Sekunde Kumi

Karatasi ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ninayomkabidhi mgonjwa ina mstari mmoja mrefu chini kabisa, wa sentimita 25. Mstari huo ni sekunde kumi za moyo wake, basi. Siku moja ina vipande 8,640 vya sekunde kumi, na sisi tumetazama kimoja, tena kile ambacho alikuwa amelala, ametulia, feni inamzungukia juu. Ndiyo maana sishangai mtu anapoambiwa karatasi yake haina kitu kisha akanitolea macho ya kuuliza: kwa hiyo mimi mwongo?

Mimi ni muuguzi, na chumba changu kipo mwisho wa korido, ukishapita maabara, katika hospitali moja hapa Tanga. Mitaani wananiita nesi wa moyo, ingawa moyo wenyewe sijawahi kuushika, nashika waya. Kinachoniudhi katika kazi hii ni mambo mawili. Kuna anayepewa karatasi safi akaambiwa hayo ni mawazo tu, kumbe moyo wake una hitilafu ya kweli iliyokataa kujitokeza wakati ule. Na kuna anayepewa karatasi yenye maneno ya kutisha juu yake, akaanza kuusia watoto, naye ni mzima wa afya. Wote wawili wameponzwa na kutojua karatasi ile inasema nini, na nini haiwezi kukisema.

Swali la kwanza ninaloulizwa kitandani ni kama waya zinapiga shoti. Hazipigi. Mashine haimpelekei mtu umeme wowote wa kumdhuru. Inapokea umeme ambao moyo wenyewe unautoa kila unapopiga, umeme mdogo mno, ambao ukifika kwenye ngozi unapimwa kwa milivolti. Mstari ukipanda milimita kumi kwenye karatasi, hiyo ni milivolti moja. Betri ndogo ya saa ya ukutani ina 1,500.

Waya ziko kumi: nne za mikono na miguu, sita za kifuani. Kwenye mashine yetu nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Zilizopangwa kwa mtindo wa Marekani zina rangi tofauti kabisa, na hapo ndipo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hujikwaa. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajavaa shati natazama kipande cha juu kushoto. Kikiwa kimepinduka chote, juu chini, huku vile vya kifuani viko sawa, moyo haujahamia upande wa kulia. Nyekundu na njano ndizo zilizobadilishana mikono. Wapo watu ambao moyo wao kweli uko kulia, lakini kwao hata mistari ya kifuani huharibika.

Zile sita za kifuani hazibandikwi kwa kukisia. Chini kidogo ya koo, kwenye mfupa wa kidari, kuna kijinundu ukipapasa kwa kidole. Ubavu unaokutana nacho pembeni ni wa pili. Nahesabu kushuka mpaka nafasi ya nne, naweka moja kulia na moja kushoto ya mfupa, kisha nazungusha zilizobaki kuelekea kwapani. Ukipandisha waya hizo mbili za mwanzo kwa nafasi moja tu, karatasi inaweza kumzulia mtu ugonjwa asiokuwa nao. Wanawake nawavutia pazia na kuwafunika kanga, na waya za upande wa kushoto nazipitisha chini ya titi. Mwenye garden love, nywele za kifuani, naomba radhi na kuchukua wembe. Na mwezi wa Februari, jasho la Tanga likishika kasi, vikombe vya kunyonya vinateleza kifuani mpaka nifute kwa pamba, nipake jeli, nifute tena. Mzee mwenye kutetemeka mikono anaweza kutoa mstari uliochafuka ambao msomaji mwenye haraka atadhani moyo umevurugika. Kwake waya za mikono nazipandisha karibu na mabega, na mtetemo unapungua.

Mashine hii ina historia ya kuchekesha. Willem Einthoven, daktari Mholanzi aliyezaliwa Semarang, kisiwani Java, mwaka 1860, ndiye aliyetengeneza ya kwanza yenye kufaa, mjini Leiden, mwanzoni mwa karne ya 20. Ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alikaa kitini, mikono miwili na mguu mmoja vimetumbukizwa katika vyombo vya maji ya chumvi. Kwa kuwa dude lile halikubebeka kwenda wodini, Einthoven aliunganisha waya wa simu kutoka hospitali hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu, akawa anapokea mapigo ya wagonjwa asiowaona. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Nasi leo tunapiga karatasi picha kwa simu, tunamtumia daktari bingwa Dar es Salaam kwa WhatsApp, tunajiona tumegundua jambo.

Einthoven ndiye pia aliyeyapa mawimbi herufi P, Q, R, S na T, na tunazitumia mpaka leo. Herufi hizo zinafuata safari ya umeme. Umeme unaanzia kwenye kijisehemu kidogo juu ya chemba ya juu ya kulia, kiitwacho nodi ya sainasi. (Walioigundua ni Waingereza wawili, Arthur Keith na kijana Martin Flack, waliotangaza habari yake mwaka 1907, na mnyama wa kwanza ambaye Flack aliiona kwake alikuwa fuko, yule mchimba mashimo wa mashambani.) Kutoka hapo umeme unatawanyika chemba za juu: hicho ndicho kilima kidogo cha kwanza, P. Kisha unafika mpakani, kati ya chemba za juu na za chini, kwenye nodi ya pili, na hapo unacheleweshwa kidogo ili damu ipate muda wa kushuka. Baada ya hapo unaingia kwenye fungu la nyuzi, nyuzi zinagawanyika tawi la kulia na la kushoto, chemba za chini zinajikaza kwa nguvu: mwiba mrefu, QRS. Halafu chemba zinajiandaa upya, na hapo kuna kilima cha mwisho, T.

Karatasi imechorwa miraba. Mraba mdogo ni sekunde 0.04, mkubwa ni sekunde 0.2. Anayetaka kujua kasi ya moyo unaokwenda kwa mpangilio achukue 300, agawe kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya mwiba mmoja na unaofuata. Miraba minne, mapigo 75 kwa dakika. Mitano, 60. Moyo usio na mpangilio nahesabu miiba yote ya mstari wa chini, nazidisha kwa sita. Hesabu hii nimewafundisha hata walinzi wa getini, na kuna mmoja anaijua kuliko baadhi ya wanafunzi.

Malalamiko yanayoongoza chumbani kwangu ni moyo kuruka. Mtu anasikia pigo moja limekosekana, kisha linakuja zito la kumshtua. Mara nyingi kilichotokea ni pigo lililowahi kabla ya zamu yake, likafuatiwa na kituo kirefu. Mapigo ya namna hii wanayo watu wazima wengi wenye mioyo mizuri, hasa wakikosa usingizi au wakizidisha kahawa. Yakiwa mengi mno, au mtu ana ugonjwa mwingine wa moyo, daktari atataka kuchunguza zaidi. Nje ya hapo yanatisha kuliko yanavyodhuru.

Moyo kwenda mbio ndio wenye hadithi ndefu. Kuna binti mmoja, fundi cherehani wa Ngamiani, alikuwa akija na kuondoka na karatasi safi kila mara. Nyumbani walishamsomea, walishampeleka kwa mganga, wakaafikiana kwamba ni jini anayekuja akikasirishwa. Kwingine aliandikiwa dawa ya wasiwasi. Siku moja nikamwuliza kabla sijamfunga waya:

"Hebu niambie mdogo wangu, moyo ukianza, unaanzaje?"

"Ghafla, dada. Nimekaa, nakata kitambaa, mara paa! Unaenda mpaka shingo inacheza."

"Na ukiacha?"

"Vilevile. Unakata hapo hapo, halafu nasikia haja ndogo."

Hayo majibu yana thamani kuliko karatasi zote alizokuwa nazo mkobani. Moyo wa mtu mwenye hofu au aliyekimbia hupanda taratibu na kushuka taratibu. Unaoanza kwa mkupuo na kukata kwa mkupuo, kisha mtu akakojoa sana, mara nyingi una njia ya ziada ya umeme: umeme unashuka njia moja, unapanda nyingine, unazunguka hivyo bila kutoka, na moyo unafika 180 au 200 mtu akiwa amekaa tu. Wachache huacha alama hata wakiwa wametulia, mteremko mdogo mwanzoni mwa mwiba, ambao Wolff, Parkinson na White waliuandika mwaka 1930. Huyu hakuwa nayo. Nikamwambia: safari nyingine ukianza, usiende nyumbani kulala, wala usisubiri kesho. Panda bodaboda, mtu akushike, nenda kituo chochote chenye mashine, na ukifika sema maneno haya: nipimeni sasa hivi, moyo unakwenda mbio sasa hivi.

Alikuja kwetu alasiri moja amelowa jasho, kidole gumba bado kina alama ya mkasi. Mwiba na mwiba, mraba mmoja na nusu. Mia mbili, umenyooka bila kupotea hata kidogo, na kile kilima cha P hakionekani. Daktari wa zamu akamkalisha nusu kulala, akampa bomba la sindano la mililita kumi, lisilo na sindano, alipulize mpaka kipande cha ndani kisogee, kwa sekunde 15. Alipomaliza tukamlaza chali haraka na mimi nikamwinua miguu juu, sekunde nyingine 15. Mkandamizo huo unaamsha neva inayoipunguza kasi ile nodi ya mpakani, na mzunguko ukikosa njia hapo unakatika. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015 ulionyesha kuwa kwa mtindo huu wa kuinua miguu, asilimia 43 ya wagonjwa walirudi kwenye mapigo ya kawaida, wakati kupuliza kwa mtindo wa zamani kulifaulu kwa asilimia 17. Yeye alikuwa kwenye lile fungu la kwanza. Mstari ulitulia kwa kitambo, ukatoa pigo moja la ovyo, kisha kilima, mwiba, kilima. Mama yake aliyekuwa mlangoni akauliza jini limetoka? Nikamwambia mama, karatasi ya leo tunayo, sasa daktari anajua wa kupambana naye.

Moyo ungekataa kutulia, ipo dawa ya kuchoma kwenye mshipa, adenosini, inayofanya kazi kwa sekunde chache tu. Tunamwonya mgonjwa kabla, maana kwa sekunde hizo mstari unaweza kunyooka kabisa na yeye anajisikia anaaga dunia. Na kama ugonjwa unarudi rudi, daktari bingwa hupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, akaitafuta ile njia ya ziada na kuiunguza. Wataalamu wa umeme wa moyo wapo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na huko ndiko binti alikopewa rufaa.

Kwa wale ambao moyo haukubali kukamatwa, kuna kifaa kidogo cha kuvaa saa 24, 48 au zaidi, kinaitwa Holter kwa jina la Norman Holter, Mmarekani wa Montana. Cha kwanza alichokitengeneza miaka ya 1940 kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi. Cha sasa unakifunga kiunoni ukaenda sokoni. Anayepewa namsihi asikae kitandani siku hiyo: afue, apande ngazi, agombane na jirani akipenda, na aandike saa aliyosikia chochote.

Sasa mpapatiko. Bibi mmoja wa Pangani aliletwa kwangu kwa sababu alikuwa anajiandaa kutolewa mtoto wa jicho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mie nimekuja kwa macho, mbona mwanifunga kamba kifuani?"

Nilikuwa nimeshamshika kifundo cha mkono, na vidole vilishaniambia. Mapigo mawili ya haraka, moja dhaifu, kimya, moja zito, matatu ya haraka. Hayakuwa na mpangilio wa aina yoyote, hata ule wa kukosea kwa zamu. Karatasi ikathibitisha: hakuna P hata moja, mstari wa chini unatikisika tikisika, na miiba imetapakaa kwa nafasi zisizolingana. Chemba za juu zilikuwa hazijikazi tena, zinapapatika tu.

Ubaya wa mpapatiko si ile hali ya moyo kuhangaika. Damu isiyosukumwa hutuama kwenye kijifuko cha chemba ya juu ya kushoto, hutuama ikaganda, na bonge likichomoka likapanda kichwani mtu anapata kiharusi. Kwa wenzetu wa Ulaya ugonjwa huu zaidi ni wa uzee na presha. Kwetu wapo hao, lakini wapo pia wanawake wa miaka 30 ambao utotoni waliumwa koo, koo ikafuatiwa na homa ya baridi yabisi, na valvu ya moyo ikabaki na kovu na kubana. Chemba iliyo nyuma ya valvu hiyo inavimba mwaka hadi mwaka mpaka umeme unapoteza njia.

Hawa wa valvu iliyobana dawa yao ni warfarini, ya zamani na yenye kero: kupima damu mara kwa mara ili kipimo kiitwacho INR kikae kati ya 2 na 3. Wengi walitumaini vidonge vipya visivyohitaji vipimo vingechukua nafasi yake. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na rivaroxaban, kimoja cha vidonge hivyo vipya, ikashindwa na kundi la warfarini kwa wagonjwa wa namna hii. Kwa hiyo kero inaendelea. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K inayoipunguza nguvu dawa hii. Mgonjwa haambiwi aache mboga, anaambiwa asibadilishe ghafla, wiki hii kila siku kisamvu, wiki ijayo hata jani moja.

Watafiti waliowapima wazee wa miaka 70 na kuendelea wilayani Hai, Kilimanjaro, waliukuta mpapatiko kwa chini ya mmoja katika mia, idadi ndogo kuliko ya wazee wa Ulaya. Mimi nikisoma takwimu za hivyo narudi kwenye sekunde zangu kumi. Wapo ambao mpapatiko wao huja usiku na kuondoka alfajiri, na kipimo kimoja cha mchana hakiwezi kuwaona.

Upande wa pili kuna mioyo inayokwenda taratibu mno. Hapa naomba msomaji apande daladala. Chemba za juu ndizo konda, za chini ndizo dereva. Konda anagonga bodi, twende! Dereva anaondoa gari. Umeme ukichelewa au kukwama kati ya chemba za juu na za chini, tunaita kizuizi. Katika kizuizi cha daraja la kwanza dereva anachelewa kidogo kila akigongewa, lakini anaondoka. Wengi hawajui hata kama wanacho, na baadhi ya wanamichezo wanacho bila tatizo. Daraja la pili liko la namna mbili. Kuna dereva ambaye kila akigongewa anachelewa zaidi ya mara iliyopita, mpaka mara moja hasikii kabisa, halafu anaanza upya. Karel Wenckebach aliueleza mtindo huu mwaka 1899, kabla ya mashine ya Einthoven kuwepo, kwa kufuatilia mapigo ya mshipa. Huyo si wa kuogopa sana. Wa kuogopwa ni yule anayeondoka sawasawa, sawasawa, kisha bila dalili yoyote anamnyamazia konda. Kwenye daraja la tatu hawasikilizani kabisa: konda anagonga mara 80 kwa dakika, dereva anaondoa gari mara 30 kwa saa yake mwenyewe.

Babu aliyeletwa kutoka Muheza alikuwa wa daraja hilo. Alikuwa anaanguka. Alianguka shambani, akaanguka akitawadha, na kokote alikopelekwa aliandikiwa vidonge vya kifafa. Mjukuu wake ndiye aliyetoa habari iliyosaidia: babu akianguka anakuwa wa baridi, ametoka jasho, halafu baada ya muda mfupi anafumbua macho na kuuliza jembe langu liko wapi. Mtu wa kifafa mara nyingi hupoteza fahamu, kisha akaamka amechanganyikiwa, anataka kulala, hajui yuko wapi. Anayezimia ghafla na kurudi ghafla akiwa na akili zake apimwe moyo. Madaktari Robert Adams na William Stokes wa Dublin walishaandika habari za wagonjwa wa hivi, wenye mapigo ya taratibu na kuzimia, mmoja mwaka 1827 na mwenzake 1846.

Kwenye karatasi ya babu, kati ya mwiba na mwiba kulikuwa na miraba mikubwa tisa. Gawa 300 kwa 9. Na vile vilima vya P vilikuwa vinapita kwa mwendo wake, vingine vimepanda juu ya T, vingine peke yake katikati ya uwanda, havimjui mwiba wala mwiba hauvijui. Sikumruhusu hata ashuke kitandani.

Tiba yake ni betri ya moyo, kama tunavyoiita. Ya kwanza kuwekwa ndani ya mwili wa mtu iliwekwa Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958. Mgonjwa alikuwa Arne Larsson, aliyekuwa akizimia mara nyingi kwa siku, na mkewe ndiye aliyewaandama daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali. Elmqvist alimimina utomvu wa kuganda kuzunguka vyuma vyake ndani ya mkebe wa kiwi, kiwi hii hii ya viatu. Betri ile ilidumu saa chache. Larsson alibadilishiwa zaidi ya mara 20, akafa mwaka 2001 kwa saratani, ana miaka 86, baada ya kuwazika wote wawili, daktari na mhandisi. Za sasa hukaa miaka minane hadi kumi na zaidi, zinalazwa chini ya ngozi karibu na bega, na Dar es Salaam zinawekwa. Ninachowaambia waliowekewa ni simu wasiiweke mfuko wa shati upande huo, na wakiulizwa kwenye mashine za uwanja wa ndege waonyeshe kadi yao.

Matawi yale mawili, la kulia na la kushoto, nayo huziba. Mwiba unakuwa mpana kuliko miraba midogo mitatu. La kulia linaweza kuziba kwa mtu mzima wa afya na asijue mpaka anakufa uzeeni. La kushoto mara nyingi lina sababu, presha ya siku nyingi au misuli ya moyo iliyochoka, kwa hiyo hilo hufuatiliwa. Mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu, potasiamu ikimpanda, T zake huwa ndefu zenye ncha, na hapo hatusubiri majibu ya maabara. Baadhi ya dawa, klorokwini na erithromaisini zikiwemo, hurefusha muda wa moyo kujiandaa upya. Ndiyo sababu daktari anauliza unatumia nini kingine.

Na kuna mvurugiko wa chemba za chini, ambao kwa kawaida sipati karatasi yake, kwa kuwa mtu ameanguka na hana mapigo. Watu wengi waliuona kwenye televisheni tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka katika mechi na Finland mjini Copenhagen. Alipona kwa sababu alikandamizwa kifua palepale na kushtuliwa kwa umeme. Kabla ya mwaka kwisha tangu siku ile alikuwa uwanjani tena, na kifaa cha kushtua moyo chini ya ngozi.

Habari kama hiyo ikitokea, vijana wa mpira hujaa chumbani kwangu, na ndipo yanapokuja yale maneno ya kutisha. Mashine inaandika yenyewe juu ya karatasi, kwa Kiingereza, kwamba kuna kasoro. Kijana anaitafuta kwenye simu akiwa bado benchini. Baadhi ya wanamichezo weusi wana T zilizopinduka kwenye waya za mbele za kifua, zikitanguliwa na mstari ulioinuka, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 wa kusoma ECG za wanamichezo unasema waziwazi kuwa kwao hiyo ni kawaida, mradi hana dalili wala historia ya vifo vya ghafla katika ukoo. T zikipinduka mpaka waya za pembeni, hapo ni mambo mengine, apelekwe kupigwa picha ya moyo. Maandishi ya mashine ni ya kumsaidia daktari anayesoma. Mgonjwa asiyafanye hukumu.

La mwisho ni la utunzaji. Karatasi yetu ni ya kuchapwa kwa joto, kama risiti za dukani. Ukiiacha juani, ukiibandika selotepu au kuifungia kwenye mfuko wa plastiki inafifia, na baada ya mwaka unabaki na miraba mitupu. Itoe fotokopi siku hiyo hiyo, au ipige picha ukiwa bado hospitali. Karatasi ya zamani ikiwekwa pembeni ya mpya, daktari ataona kama tawi liliziba jana au lilikuwa limeziba tangu ulipopimwa kwa ajili ya ajira. Nyuma ya nakala andika tarehe, dawa ulizokuwa unatumia, na kama wakati unapimwa moyo ulikuwa unakwenda mbio au ulikuwa umeshatulia.